Habu ya Matundu Arobaini

Ndungu,
5 Julai 1954

Fundi Eliufoo,
Same, karibu na stesheni.

Shikamoo. Wewe hunijui. Naitwa Eliwaza binti Sefania, kwetu ni Makanya, nimeolewa huku Ndungu huu mwaka wa tatu. Nimewauliza watu watatu wanaobeba magunia ya mpunga kwa baiskeli ni nani aliyewafungia gurudumu la nyuma, na wote wamenitajia wewe. Ndiyo maana naandika.

Nataka gurudumu la nyuma, jipya, la mume wangu. Fremu tunayo, gurudumu la mbele tunalo na breki yake ni nzima. Habu iwe ile isiyo na friwili, ambayo gurudumu likizunguka na pedali inazunguka. Pamoja na hilo nitumie pedali moja ya kulia. Juu yake ushone ukanda wa ngozi wa kufungia kiatu.

Mume wangu amepata kazi ya ukarani wa mizani huko Kihurio, na atakuwa akienda na kurudi kila siku. Kazi inaanza tarehe mosi Septemba. Asipokuwa na baiskeli siku hiyo, nafasi atapewa mwingine, na huyo mwingine tayari anapita kwetu kila jioni kutujulia hali.

Dereva wa lori la Gonja analala Same kila Jumatatu, anarudi huku Jumanne. Mpe jibu.

Ni mimi,
Eliwaza


Same,
10 Julai 1954

Bi. Eliwaza,

Marahaba. Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimezidi kutokuelewa.

Nina mwaka wa kumi na tisa katika kazi hii. Nilitoka kukata mkonge bila hata spana moja, na nilichonacho leo nimekipata kwa mikono yangu. Kwa hiyo usinione mshari nikiuliza.

La kwanza. Hapo Ndungu yupo fundi, Aminieli. Kutoka kwenu kwenda kwake ni hatua mia mbili. Kuja kwangu ni safari ya kuzunguka mlima wote kupitia Kisiwani. Kwa nini mimi?

La pili. Habu isiyo na friwili nani ameitaka? Mtu mzima anapenda apumzishe miguu baiskeli ikiserereka. Hiyo yako haimruhusu kupumzika hata kidogo. Hapa Same nimefunga magurudumu zaidi ya mia nne, na hayo uliyotaja hayafiki matatu.

La tatu. Pedali zinakuja mbili mbili. Na ni nani huyo anayefungwa mguu kama ng'ombe anayekamuliwa?

Nijibu haya: uzito wa mumeo, uzito wa mzigo wake, urefu wa miguu yake yote miwili kutoka kinenani hadi kisiginoni, na njia anayopita. Mimi sichagui habu kwa kupenda rangi yake. Habu ndiyo kitovu, spoku zote zinaning'inia hapo. Ukikosea habu, hata ringi ya dhahabu haitakusaidia.

Eliufoo Mbonea, Fundi


Ndungu,
15 Julai 1954

Fundi Eliufoo,

Shikamoo tena. Kumbe kuagiza gurudumu ni sawa na kufika mbele ya Bwana Shauri wa wilaya! Lakini nitajibu.

Mume wangu nimempima kwenye mizani ya mpunga. Ana frasila tatu na nusu. Mzigo wake ni daftari, kalamu na chakula cha mchana. Njia ni tambarare tupu, mlima uko upande mmoja unautazama tu. Urefu wa mguu ni inchi thelathini na moja.

Aminieli nilimwendea kwanza. Nilipomwambia gurudumu ni la nani, aliniambia hana nafasi, kazi zimemzidi. Fundi, pale mbele yake hapakuwa na gurudumu hata moja. Palikuwa na bao, na yeye alikuwa anacheza peke yake, mkono wa kushoto dhidi ya wa kulia. Tangu siku hiyo akiniona njiani anainama kufunga kamba za viatu. Na anavaa ndara.

Fundi mwingine wa Kihurio alicheka mpaka akakaa chini. Sitaki kuchekwa mara ya pili, ndiyo maana nimeomba pedali moja nikanyamaza. Nakuomba unitengenezee nilichoagiza.

Eliwaza


Same,
20 Julai 1954

Bi. Eliwaza,

Sasa nimeshuku kabisa.

Nimeuliza miguu miwili, umenipa mmoja. Umeandika barua mbili na jina la mumeo hujalitaja. Mwanaume wa frasila tatu na nusu mwenye mguu wa inchi thelathini na moja ni mrefu wa kupita mlangoni kwa kuinama lakini mwepesi kama msichana. Hesabu hiyo haikai. Ama mizani yenu ni mbovu, na hapo nawaonea huruma wenye mpunga, ama huyo mtu hayupo.

Nitakuambia ninavyofikiri, usikasirike. Nafikiri Aminieli ndiye aliyekutuma. Anataka kuona ninavyofunga spoku, alifungue gurudumu langu, kisha aseme ni lake. Mimi na yeye tulikuwa na kibanda kimoja. Mwaka 1949 aliondoka asubuhi moja bila kwaheri, na mwezi huohuo likanipata balaa.

Nilikuwa nimefunga gurudumu la nyuma la baiskeli ya usharika mmoja wa mlimani, aliyopewa mwinjilisti. Habu ya matundu arobaini, ringi ya matundu arobaini, spoku arobaini. Miezi minne baadaye gurudumu likavunjika akiteremka, akaanguka korongoni. Mbele ya baraza la mfumwa, mtawala wetu, ikasemwa spoku za Eliufoo ni za udongo. Nikaomba gurudumu liletwe nilihesabu mbele ya watu. Nikaambiwa limeachwa korongoni. Nikahukumiwa siku kumi kuzoa matope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, maji yamenifika kifuani, na watu wanapita juu ukingoni wananiuliza, “Fundi, leo umefunga matundu mangapi?”

Tangu hapo hakuna mtu wa mlimani aliyeniletea hata tairi la kuziba. Hao watatu wako wa magunia ni watu wa tambarare, hawakuwepo. Sina kitu kingine duniani ila jina, na hilo limebaki nusu. Siwezi kufunga gurudumu la mtu nisiyemjua, alivunje, nirudi kwenye matope.

Kwa hiyo chagua. Zipo habu tatu. Ya friwili, kwa mtu wa kawaida. Yenye breki ndani, unayokanyaga kurudi nyuma ikusimamishe, hiyo kwa tambarare ni sawa, kwa mlima inapata moto mpaka grisi inatoa moshi. Na hiyo yako isiyolegea. Kama kweli kuna mtu, niambie ni kwa nini ya tatu. Na kama kuna ringi ya zamani uihesabu matundu, uniandikie kila alama unayoiona. Hapo nitajua ninaongea na nani.

Eliufoo Mbonea, Fundi


Ndungu,
26 Julai 1954

Fundi Eliufoo,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea nje, nyuma ya jiko, maana mume wangu hajui kama ninakuandikia. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba mafundi wazuri wako Same, alijibu, “Same haiwezekani,” akageukia ukutani. Nikadhani anaona aibu ya kuchekwa.

Haya. Mume wangu ana mguu mmoja, wa kulia. Ndiyo sababu ya pedali moja. Ndiyo sababu ya uzito huo ulioudharau. Nilimkuta hivyo hivyo, nikampenda hivyo hivyo. Aliniambia alianguka na baiskeli zamani, hakuniambia zaidi, na mimi sikumchimba. Habu aliichagua mwenyewe kwa kufikiri tu akiwa amekaa. Anasema pedali ikifika chini mguu mmoja hauna wa kuuinua, basi gurudumu lenyewe liuinue. Kama ni upuuzi, uniambie kwa upole.

Aminieli hajanituma. Mimi natumwa na tarehe mosi Septemba.

Ringi ya zamani ipo. Alikuja nayo kutoka kwao, imepinda, nimeigeuza kuwa mdomo wa tenga la vifaranga. Nimewatoa vifaranga nikahesabu, mara mbili kwa sababu yako. Matundu arobaini. Lakini manne ni tofauti. Yale mengine yamekwaruzwa rangi na yana kutu ya duara, haya manne rangi yake ni nzima kabisa, kama hayajawahi kushika spoku. Yamepangwa vizuri: tisa yenye kutu, moja safi, tisa, moja safi, hivyo mpaka kuzunguka. Na pembeni ya tundu la kupulizia upepo kuna mikato mitatu midogo ya tupa, miwili imekaribiana na mmoja uko mbali.

Umeridhika sasa?

Eliwaza


Same,
30 Julai 1954

Bi. Eliwaza,

Leo sijagusa kazi.

Ile mikato mitatu ni yangu. Miwili pamoja, mmoja mbali, hakuna mtu mwingine anayekata hivyo. Ringi unayolazia vifaranga ndiyo ile iliyoachwa korongoni. Basi imetoka korongoni ikatembea na miguu yake mpaka Ndungu?

Sikiliza hesabu. Mimi nilijaza matundu yote arobaini, na tundu likishashika spoku halirudi kuwa safi. Ila kazi yangu ni tofauti: kila tundu huwa naliwekea washa, kijiduara cha ngozi, chini ya kichwa cha spoku, kwa hiyo kwa muda mfupi rangi haikwaruzwi. Lililokwaruzwa limekwaruzwa baadaye, na mtu asiyeweka washa. Tisa limejazwa, moja limerukwa, mara nne. Arobaini toa nne ni thelathini na sita. Yaani habu yangu ilitolewa, ikawekwa nyingine ya matundu thelathini na sita, na ringi ile ile ya arobaini ikalazimishwa kuivaa. Gurudumu la namna hiyo linavutwa kwa nguvu huku na kulegea kule. Kwenye tambarare litaishi. Kwenye mteremko ni jeneza.

Na habu za matundu thelathini na sita zenye breki ndani, hapa Same wakati ule alikuwa nazo mtu mmoja. Anacheza bao peke yake.

Jina la mumeo ni Kaanaeli, yule mwinjilisti. Hujaniambia, nakuambia mimi. Muulize aliwahi kuona mtu akizoa matope ya ndiva kwa siku kumi. Muulize yeye siku hiyo alikuwa analijua hili au halijui. Nataka jibu lake, kwa mwandiko wake. Wewe sina neno na wewe.

Eliufoo Mbonea


Ndungu,
8 Agosti 1954

Eliufoo,

Mke wangu aliweka ringi mezani, juu yake barua zako tatu, akasema, “Chakula kipo jikoni, kitakungoja.” Akatoka. Kilipoa.

Nilikuwa nalijua.

Ile habu uliyoifunga ilikuwa nzuri na haikuwa na kosa. Kosa langu ni kwamba niliiona ya kizee. Mwalimu wa shule alikuwa na baiskeli yenye breki ndani, akiteremka haionekani mkono wala chuma, anakaa wima kama picha. Aminieli akaniambia, “Mwinjilisti, yako nipe mimi, nikuwekee kama ile, tubadilishane tu.” Nikamuuliza matundu yanalingana? Akasema, “Yasipolingana tutayaruka machache, nani atahesabu?” Baiskeli haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya usharika, na mimi niliibadilishia kitu chake kwa siri ili nipendeze barabarani.

Pale kwenye kona ya juu nilisikia harufu ya grisi inayoungua. Nikakanyaga nyuma, ikashika ghafla, nikasikia spoku zinakatika moja moja, kisha zote.

Nilipozinduka, kaka yangu alikuwa ameshalificha gurudumu. Aliogopa wazee wa kanisa. Siku ya baraza nilikuwa nimelala hospitali. Walipokuja kuniuliza kama ulifunga vizuri, nilifumba macho, wakasema, “Mwacheni, anaumwa.” Sikusema uongo hata neno moja. Nimejitetea kwa hilo miaka mitano, na sasa nikiliandika naona lilivyo jembamba.

Sikuombi gurudumu. Sijui unakusudia nini na barua hii niliyoiandika kwa mkono wangu. Ukiipeleka kwa mfumwa, una haki. Nakuomba tu usimtaje Eliwaza, yeye hakujua.

Kaanaeli


Same,
14 Agosti 1954

Kaanaeli,

Barua yako imefika Jumatano. Siku mbili sikukujibu kwa sababu ningeandika mambo ya kunifanya nipelekwe tena barazani.

Alhamisi nilifunga mguu wangu wa kushoto kwa mpira wa ndani wa tairi, kisigino kikagusa kalio, nikapanda baiskeli mbele ya stesheni. Kwanza habu ya friwili. Pedali ikifika chini inakaa huko huko, nikaanguka mara tatu, mara ya pili juu ya ndizi za mama mmoja aliyeniambia mvinyo wa asubuhi utanimaliza. Halafu yenye breki ndani: mguu unarudi nyuma kidogo kutafuta nafasi, baiskeli inasimama, naanguka tena. Halafu isiyo na friwili, mguu ukafungwa kwa ukanda. Nilizunguka jengo la stesheni mara sita. Gurudumu linauinua mguu lenyewe. Ulichagua sawasawa, na inaniuma kukuambia.

Nimefunga gurudumu. Habu matundu arobaini, ringi arobaini. Lakini spoku ni thelathini na tisa. Moja nimeiweka mfukoni. Nayo itakaa humo mpaka nisikie umesimama mlimani, mbele ya watu wale wale, ukasema haya uliyoniandikia. Barua haitoshi. Barua inasomwa na mtu mmoja. Mimi nilizoa matope mbele ya wote.

Ukikataa, gurudumu litaning'inia hapa kibandani na tarehe mosi itapita. Nimenyamaziwa miaka mitano. Na mimi naweza kungoja.

Eliufoo Mbonea, Fundi


Ndungu,
16 Agosti 1954

Fundi Eliufoo,

Shikamoo. Sijui kama umeshamjibu mume wangu. Hapa hakuna barua iliyofika. Nakuandikia ili ujue lililotokea jana.

Ijumaa aliniambia nimfungie viazi, anapanda mlimani. Nikamwambia subiri jibu la fundi kwanza. Akasema, “Nikisubiri jibu, nitakuwa nimesema kwa sababu ya jibu.” Akaanza Jumamosi alfajiri kwa magongo yake. Punda alimkataa. Mimi nilimfuata nyuma na kibuyu cha maji, hakutaka nimshike. Njia ambayo mtu anaipanda kwa saa tatu, tuliimaliza jua limeshazama, kwapa zote mbili zimechubuka.

Jana baada ya ibada, watu walipotoka nje kusikiliza matangazo, aliomba nafasi. Hakuzunguka. Alisema baiskeli ilikuwa ya usharika, habu aliibadilisha yeye kwa siri, gurudumu alilolifunga Eliufoo lilikuwa zima, na siku kumi za ndiva zilikuwa zake yeye. Ringi niliishika mimi juu, mzee wa kanisa akaja akahesabu kwa kidole. Kisha mama mmoja mzee, Hedwiga, akasema kwa sauti, “Na mimi nilimcheka yule fundi.” Akaketi chini.

Wazee wamemtenga na meza ya Bwana miezi sita. Alisema asante. Aminieli hakumtaja kwa jina, alisema tu aliyeifunga anajijua. Tumeteremka usiku kucha, na leo kibanda cha Aminieli hakikufunguliwa.

Mume wangu amelala kifudifudi nikimpaka mafuta mgongoni. Anasema gurudumu usihangaike nalo, kazi apewe yule mwingine. Mimi sijasema hivyo.

Eliwaza


Same,
18 Agosti 1954

Bi. Eliwaza,

Barua yako nimeipata leo saa tatu kwa mkono wa mbeba mpunga wa baiskeli, na hii anarudi nayo. Yangu kwa Kaanaeli, niliyoiandika tarehe 14, iliondoka na lori jana. Zimepishana njiani.

Nakuomba jambo moja. Kama lori limeharibikia Kisiwani, nitashukuru. Kama limefika na bahasha bado imefungwa, itie jikoni kabla hajaiona. Na kama ameshaisoma, mwambie niliandika kabla sijajua, na kwamba ile spoku nimeitoa mfukoni leo leo, nikaikaza mbele ya karani wa stesheni ili awepo shahidi. Sasa ni arobaini. Nimehesabu mara nne.

Nilidhani nikisikia amesema, nitacheka. Nimekaa juu ya kasha la spana mpaka adhana ya adhuhuri, sikucheka. Leo mchana amekuja mtu wa mlimani, Daudi, sikumwona tangu mwaka ule. Ameleta tairi la kuziba. Nililiziba, kisha nikalitia majini mara ya pili kuhakikisha, maana watu hawa siwaamini bado.

Gurudumu linakuja na lori la Jumanne, tarehe 24. Pedali ni moja, ukanda nimeushona mara mbili. Afunge mguu akiwa ameegemea ukuta, aanze polepole, asimame kwa breki ya mbele tu. Spoku mpya hulegea baada ya wiki mbili, ni kawaida, si ubovu. Zikilegea mtu yeyote asizikaze. Hata wewe. Kaanaeli apande lori aje nalo mwenyewe, alale kwangu, mke wangu atapika makande, nami nitalikaza yeye akihesabu.

Eliufoo Mbonea, Fundi